Joka la Kucha Nne

Anayetaka kujua uchumi wa nchi hii unakwendaje aache kuuliza bei ya sukari. Aulize bei ya manila nyekundu katika wiki ambayo shule imeamua watoto wajifunze utamaduni wa Kichina. Kijana mwenye steshenari pale mtaani kwetu Tabata, ambaye siku zote huniita "mzee wangu", wiki hiyo aliniita "mteja". Nikajua nimekwisha. Manila nyeupe ilikuwepo, ya bluu ilikuwepo, ya njano imejaa mpaka inapauka kwa kukosa mnunuzi. Nyekundu ilitolewa chini ya kaunta, baada ya yeye kuangalia kwanza kushoto na kulia, na bei yake ikatajwa kwa sauti ya chini, namna watu wanavyotaja ugonjwa uliomuua marehemu.

Orodha ya shule ilidai manila nyekundu tatu, ya dhahabu moja, gundi, mkasi, uzi, vijiti viwili, na mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo: "Mzazi amsaidie mtoto pale itakapobidi." Nimelea watoto kiasi cha kutosha kujua tafsiri yake. Mzazi atakata, mzazi atabandika, mzazi atalaumiwa, na mtoto atatokea gundi ikishakauka, aandike jina lake kwa kalamu ya rangi.

Kisa chote ni Siku ya Utamaduni, ambapo kila darasa limegawiwa nchi. Darasa la sita wamepewa Uarabuni, wazazi wao wamenunua tende na kahawa, mambo yamekwisha. Darasa la tano wamepewa Brazil, wamevaa jezi. Sisi wa darasa la tatu tumeangukiwa na taifa lenye maelfu ya miaka ya historia iliyoandikwa, na tunatakiwa tuliwasilishe kwa gundi.

Nisieleweke vibaya, sina ugomvi na Wachina. Marehemu baba yangu alibeba mataruma kwenye ujenzi wa TAZARA, ile reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kukabidhiwa mwaka 1976. Alirudi nyumbani na maneno matatu ya Kichina, mawili kati ya hayo akakataa kutuambia maana yake. Leo Kichina kinafundishwa chuo kikuu Dar na Dodoma, na vijana wanakwenda kusoma huko wakarudi wahandisi na madaktari. Mtoto kuijua China ni jambo la maana kabisa. Kinachonitia kichefuchefu ni manila.

Halafu mradi wetu una mtaalamu, na mtaalamu anakula kwangu. Kaka wa mke wangu alisomea uhandisi Wuhan kwa ufadhili, na tangu arudi hajawahi kula wali wetu bila kuukosoa. Akaichukua karatasi ya maelekezo kutoka shuleni, akaitazama, akacheka peke yake.

"Shemeji," akasema, "hili siyo joka la Kichina."

Kwenye picha joka lilikuwa na mabawa mawili na lilikuwa linatema moto.

"Joka la Kichina halina mabawa ya kupepea na halitemi moto. Hilo mlilopewa ni la Kizungu, lile la kuteka mabinti wa wafalme na kuchomwa mkuki, wamelipaka nyekundu tu. La Kichina linakaa majini na mawinguni. Ndilo linaloleta mvua."

Akaendelea, maana huwa haishii hapo. Wakulima walikuwa wanalibembeleza kwa sadaka wakati wa ukame, na kama mvua imegoma, kuna vijiji vilivyoitoa sanamu ya joka hekaluni na kuianika juani, ili na lenyewe lionje joto wanalolipata watu. Hapo nikalipenda. Kiongozi asiyetimiza ahadi anatolewa ofisini na kuanikwa: huo ni utamaduni ambao ningetaka watoto wangu waujue mapema, hata kabla ya kuzidisha na kugawanya. Lakini karatasi ya maelekezo haikuwa na habari hiyo. Ilikuwa na vinukta vya kufuatisha kwa mkasi.

Nikaandika kwenye kundi la wazazi, kwa adabu zote, kwamba picha ina kasoro, joka lina mabawa ya Ulaya. Mwalimu akajibu upesi: "Mzazi, naomba tufuate maelekezo." Wazazi wengine wakaweka vikatuni vya mikono iliyokunjwa kama wanasali. Sijui walikuwa wanamwombea nani.

Balaa lenyewe lilianza binti yangu alipomsogelea mjomba wake. Shemeji alikuwa anaeleza kwamba joka la Kichina limeungwa kutoka kwa wanyama wengi: pembe za paa, kichwa cha ngamia, shingo ya nyoka, makucha ya tai, masikio ya ng'ombe, magamba ya samaki.

"Mjomba, magamba mangapi?"

Mtu mwenye akili angesema "mengi". Shemeji ni mhandisi. "Mia moja na kumi na saba," akasema. Themanini na moja ya upande wa nuru na thelathini na sita ya upande wa kivuli, yote yanagawanyika kwa tisa, na tisa kwa Wachina ni tarakimu kubwa, ya kifalme. Mtoto huyu, ambaye kila asubuhi hajui alikoacha kiatu cha pili, hiyo 117 aliikumbuka hata usingizini.

Tukakata magamba. Mama Watoto alikata, mimi nilikata, dada wa kazi alikata huku macho yako kwenye tamthilia ya Kituruki, ndiyo maana magamba ya mkiani yana pembe. Shemeji hakukata. Shemeji alihesabu. Tulipofika tisini na kitu alitangaza kuwa ukubwa hautofautiani vya kutosha, ya tumboni yanatakiwa yawe madogo, akaomba chai.

Mama mkwe wangu, ambaye ni mtu wa Pemba na yuko kwetu kwa matibabu ya macho, alikaa kimya mpaka kichwa cha joka kilipowekwa juu ya meza ya chakula ili kikauke. Macho yanayomsumbua yote mawili yakaona vizuri sana.

"Mwanangu, hili joka lalala humu humu ndani?"

Nikamweleza kwamba ni la karatasi na kwamba kazi yake ni kuleta mvua. Usiku huo ikanyesha. Wanaoijua Dar wanajua maana ya mvua kubwa ya masika: Jangwani ilijaa, barabara ikafungwa, mabasi ya mwendokasi yakabaki yanaitazama ng'ambo. Shemeji alitabasamu kwa kiburi cha mtu aliyesema. Mama mkwe akahama chumba.

Saa za usiku ukiwa na gundi vidoleni unaanza kutafuta wa kumlaumu, na mimi nilimpata. Anaitwa Cai Lun. Alikuwa towashi katika ikulu ya wafalme wa Han, na mwaka 105 alimpelekea mfalme taarifa ya namna ya kutengeneza karatasi kwa magome ya miti, matambara na nyavu kuukuu za kuvulia. Vipande vya karatasi vya zamani kuliko yeye vimefukuliwa, kwa hiyo hakuianza kutoka sifuri. Aliiboresha, na la muhimu zaidi, aliipeleka kwa bosi. Akapandishwa cheo. Baadaye upepo wa ikulu ukageuka, akaitwa kujibu mashtaka ya mambo ya zamani, na mwaka 121 akaoga, akavaa nguo zake nzuri, akanywa sumu. Kuna somo zima la utamaduni humo, la ofisi, vyeo na fitina, ambalo Mtanzania yeyote aliyewahi kufanya kazi serikalini angelielewa bila kutafsiriwa. Karatasi ya maelekezo ilisema "Wachina waligundua karatasi", pembeni ikaweka panda anatabasamu.

Sasa nifike kwenye kinachonikera hasa, na kinachonikera siyo gharama, ingawa sijaisahau.

Kwa Wachina, karatasi inakuwa na kazi. Kaskazini mwa nchi hiyo, enzi ambazo nyumba za kawaida hazikuwa na vioo, fremu za madirisha zilibandikwa karatasi nyeupe. Mwaka mpya wao ukikaribia, ile karatasi chakavu iliyolowa moshi wa majira yote ya baridi inabanduliwa, inawekwa safi, na juu yake wanawake wanabandika maua, ndege, samaki na watoto wanene waliokatwa kwa mkasi kwenye karatasi nyekundu. Mwanga unapita, nakshi inaonekana ndani na nje. Jua linaipausha taratibu, na mwakani inabanduliwa bila machozi. Mtu akipenda nakshi ya jirani, hahitaji kuiomba. Anailowesha juu ya karatasi tupu, anaishikilia kwenye moshi wa taa mpaka kila mahali pawe peusi, kisha anaibandua: chini yake panabaki umbo jeupe, tayari la kukatia nyingine. Fotokopi ya kibatari, na haisumbui kwa kuishiwa wino.

Kazi hii ni ya kale. Katika ukame wa Turpan, magharibi kabisa mwa nchi, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta karatasi zilizokatwa nakshi za wanyama na maua zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, zimekunjwa na kukatwa kwa mtindo ule ule ambao binti yangu alifundishwa na mama yake kwa dakika chache. UNESCO iliiweka sanaa hiyo kwenye orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2009. Na haifanani kila mahali. Kule Yuxian, mkoa wa Hebei, hawatumii mkasi kabisa: wanapanga karatasi nyeupe nyingi pamoja, wanazichonga kwa visu vidogo, kisha wanazipaka rangi moja moja. Foshan, kusini, wanakata hadi mabati membamba ya shaba.

Mkata karatasi wangu mimi ni Ku Shulan. Alizaliwa mwaka 1920 mkoani Shaanxi, mwanamke wa kijijini aliyeishi kwenye nyumba iliyochimbwa ndani ya kilima, maskini wa kutupwa. Alikata karatasi huku akiimba, bila kuchora kwanza. Mwaka 1985 alianguka gengeni akapoteza fahamu, watu wakaanza mipango ya mazishi. Akazinduka. Akatangaza kwamba yeye sasa ni Bibi Mkata Maua, mungu wa kike, na kuanzia hapo akakata picha kubwa za huyo bibi, ukuta mzima, vipande vya rangi juu ya vipande vya rangi, mpaka lile pango likawa kama limeota. Mwaka 1996 UNESCO ikamtambua rasmi kuwa msanii mkuu wa sanaa za jadi. Alifariki mwaka 2004. Nimesimulia habari hii nyumbani mara nyingi kiasi kwamba Mama Watoto akisikia "Shaanxi" huondoka kwenda kuangalia maharage.

Swali langu kwa shule lilikuwa jepesi. Ku Shulan alipewa vinukta vya kufuatisha na nani? Kama tunataka watoto waione China, wapeni mkasi na karatasi, waambieni wakate wanachokiona dirishani kwao, wabandike dirishani kwao. Kwetu watakata bodaboda, kunguru na tangi la maji. Hiyo ndiyo sanaa ya dirisha. Nililiandika hilo kwenye kundi, aya tatu. "Mzazi, naomba tufuate maelekezo."

Basi tukajaribu la kwetu pembeni, nje ya maelekezo. Shemeji alisema nakshi ya bahati kubwa kuliko zote kwenye dirisha ni popo, tena popo watano, kwa baraka tano: umri mrefu, mali, afya, tabia njema, na kufa kifo cha uzeeni kitandani. Sababu ni kwamba kwa Kichina popo na baraka hutamkwa sauti moja. Binti yangu akakata popo watano wazuri sana, wa kwanza anatabasamu, akawabandika kwenye dirisha la sebuleni.

Nimeshasema mama mkwe ni mtu wa Pemba. Mwaka 1995, Popobawa alipotikisa kisiwa, alikuwa huko huko, akalala uwanjani na majirani, moto umewashwa katikati. Sitasimulia yaliyotokea alipofungua pazia asubuhi. Popo wako kwenye droo sasa, chini ya kitabu cha ada, na baraka zetu tano ziko nao.

Mama mkwe huyu huyu, niseme ukweli, ndiye mtu anayeijua China kuliko darasa zima la tatu. Aliitazama tamthilia ya Mao Doudou ilipoonyeshwa TBC kwa Kiswahili mwaka 2011, kila sehemu, na anachokijua kutoka humo ni kwamba Beijing kuna binti aliyeolewa akakuta mama mkwe mmoja hamtoshi. Ameelewa nani hukaa wapi mezani, nani hununa, ugomvi huanzia jikoni na huishia kwa nani. Anakumbuka hadi sufuria. Hakuna hata kipande kimoja cha manila kilichotumika.

Kwenye milango ndiko ningetaka tupeleke mradi wetu. Inasimuliwa kwamba mfalme Taizong wa enzi ya Tang alikuwa halali kwa kusumbuliwa na mashetani, majenerali wake wawili, Qin Qiong na Yuchi Gong, wakasimama mlangoni usiku kucha na silaha, akalala. Baada ya siku kadhaa mfalme akawahurumia, akaamuru wachorwe, picha zibandikwe mlangoni, na mashetani yakaogopa vile vile. Mpaka leo majenerali hao wanabandikwa kwenye milango. Mimi namlipa mlinzi kila mwezi na saa saba usiku anakoroma kuliko jenereta. Majenerali wawili wa karatasi wangenitosha, na wasingeomba nauli ya kwenda msibani.

Lakini kama kuna kitu kimoja shule ilikipoteza mchana kweupe, ni taa. Darasa lilitakiwa kutengeneza pia taa za karatasi, zile za mviringo, manila imekunjwa na kukatwa mistari. Tulizitengeneza, zilitoka zimelala upande. Hakuna aliyewaambia watoto taa hizo ni za nini. Siku ya 15 ya mwezi wa kwanza kwa kalenda ya Kichina, mwezi ukiwa mpevu, miji inawashwa taa, na kwenye taa watu wanaandika mafumbo. Unatembea, unasoma, ukilifumbua unachomoa karatasi unakwenda kudai zawadi. Desturi hiyo ina karne nyingi. Vitendawili! Watu wanaotega vitendawili kwenye mwanga wa taa! Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa Siku ya Utamaduni wanakaa chumba kimoja cha walimu, wanachangia birika moja, na hakuna aliyemgeukia mwenzake.

Nikamwambia binti yangu aandike chake kwenye taa. Alifikiri kidogo, akaandika: "Nina midomo miwili, nala manila siku nzima, sishibi." Mlinzi alikisoma akataka mji. Dada wa kazi alisema "mwenye steshenari", jibu ambalo nililikataa kwa shingo upande, maana lilikuwa bora kuliko la mtoto. Jibu ni mkasi. Taa ilirudi kutoka shule na maandishi ya wino mwekundu: "Usafi wa kazi."

Kuhusu desturi ya kuchoma karatasi sikusema kitu kwenye kundi. Kuna mambo mzazi hasemi akiwa anadaiwa ada. Lakini ni kweli kwamba karatasi nyingi za Kichina huishia motoni, kwa makusudi. Mwanzoni mwa Aprili, wakati wa kusafisha makaburi, watu huwachomea marehemu wao pesa za karatasi. Ziko hadi noti zilizopigwa chapa ya Benki ya Kuzimu, zenye sifuri nyingi, ambazo zinanithibitishia kuwa mfumuko wa bei haumwachi hata aliyekufa. Hong Kong wako mafundi wanaomtengenezea marehemu nyumba ya ghorofa ya karatasi, gari, simu na chaja yake, kuku wa kuoka. Kazi ya ufundi mkubwa, inakamilika, inachomwa. Hapo Gongo la Mboto yapo makaburi ya Wachina waliofia kwenye ujenzi wa TAZARA, na mwezi huo wa nne wenzao huenda kuweka maua. Baba alikuwa akipita hapo anavua kofia. Ni nauli ya daladala moja kutoka shuleni, na kuna mtoto wa darasa la tatu ambaye angeuliza maswali ya kweli. Nilipendekeza safari hiyo kwa mdomo, getini. Mwalimu, mwanamke mpole na mwenye watoto arobaini wa kuwaangalia, alinitazama kwa uchovu nikamwonea huruma, akasema, "Mzazi, bajeti."

Nilikuwa na pendekezo la mwisho, nalo lilikuwa la kutuokoa sote. Tuache joka, tutengeneze twiga. Twiga ni rahisi: bomba la shingo, miguu minne, madoa. Na ni wa Kichina kwa haki kabisa. Mwaka 1414 mtawala wa Bengal alimpelekea mfalme Yongle twiga, na mwaka uliofuata wajumbe wa Malindi wakampelekea mwingine, wakavuka naye Bahari ya Hindi yote. Malindi iko Kenya, nalijua hilo, msianze. Ikulu ya Ming ilipomwona ikasema huyu ndiye qilin, mnyama wa baraka ambaye haonekani duniani mpaka mtawala awe mwema. Shen Du, mwandishi wa ikulu, akatunga sifa ndefu za mfalme na kuzipamba kwenye picha ya mnyama yule anayetafuna. Chawa hawakuanza jana. Hivyo basi, mtoto wa Kitanzania akipeleka twiga wa karatasi kwenye meza ya China, amefanya utafiti, ametaja miaka, ametumia manila ya njano ambayo imejaa tele na bei yake ni ya kibinadamu.

Mnajua nilivyojibiwa.

Joka likaenda shule kwa bajaji, mwili umekunjwa mikunjo, vijiti viwili vya mishikaki kwa chini, magamba 117, mabawa hakuna, moto hakuna. Shemeji alilisindikiza mwenyewe. Kwenye maonyesho liliwekwa jirani na taa moja nyekundu ya hariri yenye shanga za dhahabu, ambayo mzazi mwenzetu aliinunua Kariakoo, Mtaa wa Congo, imekuja na kontena, imetengenezwa China, na Wachina, kwa mikono ya Kichina. Ilipata tisa kwa kumi. Ilikatwa moja kwa kutotumia manila.

Sisi tulipata saba. Alama moja kwa mabawa, nyingine kwa moto, nilizitegemea. Ya tatu iliandikwa hivi: "Kucha pungufu, picha ina tano."

Hapo sikuvumilia. Kucha tulizihesabu kuliko tulivyohesabu magamba. Tangu enzi za Yuan, na zaidi chini ya Ming na Qing, joka la kucha tano lilikuwa la mfalme, kwenye mavazi yake na vyombo vyake. Raia aliyejipamba nalo alikuwa anatafuta kesi. Kucha nne walipewa wakuu wa chini yake. Sisi watu wa Tabata, kwa kweli, hata hizo nne tumejikweza. Shemeji alitaka tatu, mimi ndiye niliyempa binti yangu cheo. Nikaandika rufaa. Nilieleza kila kitu, kwa mpangilio, Yuan, Ming, Qing, nikaambatanisha picha ya joho la mfalme na picha ya joho la mkuu wa chini yake, nikazizungushia kucha za joka letu duara la bluu, nikaomba alama moja irejeshwe, moja tu, mbili za mabawa na moto nimesamehe. Nikatuma kwenye kundi, kwa sababu rufaa ya siri haina nguvu.

Zile tiki mbili za bluu zikatokea. Mwalimu akawa anaandika. Akaacha. Akawa anaandika tena, muda mrefu, mpaka nikamwita Mama Watoto aje ashuhudie. Jibu likaingia: dole gumba. Moja, lenye ukucha mmoja.